Bili Zinazojilipa na Mkono wa Kuzizuia

Kwa watu wa rika langu, kulipa bili kulikuwa kazi ya miguu. Karatasi ya umeme ililetwa nyumbani ikachomekwa kwenye upenyo wa mlango, ya maji ikaletwa na msoma mita aliyeandika usomaji wake kwa kalamu, na kila kaya ilikuwa na siku yake ya mwezi ya kwenda kupanga foleni, dirisha hili la umeme, lile la maji, la tatu la simu ya mezani. Risiti zilitungwa kwenye waya au zikawekwa ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati, maana mafundi wa kukata huduma walikuja na orodha mkononi, na asiye na risiti hakuwa na la kujitetea. Kisha katikati ya miaka ya 1990 zikaja mita za LUKU za umeme wa kulipia kabla, ikaja M-Pesa, Kenya mwezi Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na kazi ya miguu ikageuka kazi ya kidole gumba. Sasa tumefika mahali ambapo hata kidole hakihitajiki. Benki, kampuni za simu na watoa huduma wanatuambia tuweke maelekezo mara moja, bili zijilipe zenyewe. Nimepitia vipindi vyote vitatu kama mlipaji, na kuna jambo moja ambalo vipindi hivyo vimenifundisha na ambalo ningependa kulitetea hapa: uaminifu wa njia ya kulipa hupimwa siku inapokwama. Siku hiyo kuna maswali matatu tu yenye maana. Nani atajua kwanza kwamba mambo yameharibika? Nani atabeba hasara mpaka yatengemae? Na nani ana uwezo wa kusimamisha?

Malipo ya kujiendesha yako ya aina mbili, na kwenye skrini ya simu au fomu ya benki hufanana sana. Katika aina ya kwanza mwenye pesa ndiye anayeagiza: kila tarehe 3, toa shilingi 60,000 kwangu, peleka kwa fulani, hadi Desemba. Hilo ndilo agizo la kudumu ambalo benki zetu zimelitoa tangu enzi za vitabu vya hundi. Kiasi, tarehe na kikomo vyote huandikwa na mlipaji. Katika aina ya pili, anayedai ndiye anayevuta. Mlipaji hutoa idhini siku moja, na kuanzia hapo kampuni huingia kwenye akaunti, kwenye kadi au kwenye salio la simu na kukata inachosema inadai, mwezi huu elfu arobaini, mwezi ujao laki na ishirini. Aina ya kwanza ni kumtuma mtoto dukani na hela kamili mkononi. Ya pili ni kumwachia mwenye duka ufunguo wa sanduku lako, ukiamini kwamba atachukua deni lake tu na kufunga. Wenye maduka wengi ni waaminifu, na hoja yangu haiwatuhumu wizi. Hofu iko kwenye makosa ya kawaida kabisa: mita iliyosomwa vibaya, mkataba uliokwisha lakini haujafutwa kwenye mfumo, bili ya mpangaji aliyehama mwaka jana, bomba lililopasuka chini ya ardhi na kumwaga maji wiki mbili bila mtu kujua. Kosa la namna hiyo likitokea kwenye agizo la kudumu, kampuni inabaki ikidai na wewe unabaki na pesa zako mkononi mkibishana. Likitokea kwenye idhini ya kuvuta, kampuni inabaki na pesa na wewe ndiye unayebaki ukidai.

Mtu anaweza kuniuliza: mbona Ulaya kuvuta ndiko kumeenea, na watu wanaishi nako salama? Ni swali la haki, na jibu lake limo kwenye historia ya jambo lenyewe. Uingereza mpango huu ulibuniwa mwaka 1964 na Alastair Hanton, mfanyakazi wa Unilever, kampuni iliyokuwa na kazi ngumu ya kukusanya malipo madogomadogo kutoka kwa wauza aiskrimu waliotapakaa nchi nzima. Yaani tangu mwanzo ilikuwa njia ya kumrahisishia mkusanyaji. Kilichoifanya ikubalike majumbani ni dhamana iliyokuja kuambatana nayo: ukikatwa kimakosa, benki yako mwenyewe inakurudishia pesa zote mara moja, kisha yenyewe ndiyo inayokwenda kubishana na kampuni. Nchi za Ulaya zinazotumia mfumo wa malipo wa pamoja wa euro zimempa mlipaji wiki 8 za kudai arudishiwe bila kueleza sababu yoyote, na miezi 13 kama hakuwahi kutoa idhini. Sheria ya Marekani inampa mtu haki ya kuzuia makato yajayo kwa kuiarifu benki angalau siku 3 za kazi kabla. India iliona wateja wake wanakatwa kwenye kadi kwa huduma walizokwisha kuzisahau, na kuanzia Oktoba 2021 benki kuu yao ikaagiza mteja ajulishwe angalau saa 24 kabla ya kila makato, na kiasi kikubwa kisikatwe mpaka athibitishe upya. Wananchi wa nchi hizo hawana mashine zinazotushinda akili. Wana haki iliyoandikwa inayosema pesa zirudi kwanza, maneno baadaye.

Huku kwetu sheria za mifumo ya malipo zipo, Kenya tangu 2011 na Tanzania tangu 2015, na benki kuu zote mbili zinapokea malalamiko ya wateja. Lakini kuwa na pa kulalamika na kuwa na pesa mfukoni ni mambo mawili. Anayefika kaunta akisema amekatwa isivyo halali kwa kawaida huombwa aandike barua, aambatishe taarifa ya akaunti, asubiri uchunguzi, au aambiwe akamalizane na kampuni iliyomkata. Wakati huo ada ya shule inadaiwa palepale. Kwa mwenye mshahara mnono hayo ni usumbufu. Kwa kaya inayoishi kwa kuhesabu, wiki tatu za kusubiri laki moja ni wiki tatu za kukopa kwa jirani. Ndiyo maana nasema kwamba, kwa hali yetu ya leo, kaya ichague njia ambayo yenyewe inasukuma pesa, na ikatae kuvutwa hadi ioneshwe kwa maandishi nani atamrudishia mlipaji na kwa muda gani.

Ushahidi wa karibu kuliko wote uko kwenye ujumbe wa LUKU, ambao kila kaya ya Tanzania yenye mita hiyo inaupokea na wachache wanausoma kushuka chini ya zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia manunuzi ya umeme: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Chukua mteja wa daraja la kawaida, ambaye uniti yake ni shilingi 292 kabla ya tozo, anunue umeme wa shilingi 10,000 kwa mara ya kwanza katika mwezi. Kwanza inaondoka 1,500 ya kodi ya jengo, nayo kwenye ujumbe imeandikwa kama deni lililokusanywa. Katika 8,500 iliyobaki, kiasi cha shilingi 1,254 ni kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, shilingi 209 ni asilimia 3 ya umeme vijijini, na 70 hivi ni asilimia 1 ya mdhibiti, EWURA. Umeme wenyewe ni wa shilingi 6,967, yaani uniti zisizofika 24. Mteja huyohuyo akinunua tena umeme wa elfu kumi wiki ijayo, atapata uniti 28. Kama husomi ujumbe, utadhani mita imeharibika au bei imepanda.

Sitaki kuubeza mpango huo, kwa sababu kama chombo cha ukusanyaji umefanikiwa. Kodi iliyokuwa ikihitaji makadirio, ankara na foleni za mwisho wa mwaka sasa inaingia yenyewe. Ila umetuonesha waziwazi tabia ya makato ya kujiendesha: yanafuata mita, hayafuati mdaiwa. Kisheria kodi ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo mamilioni ya wapangaji wakajikuta wanalipa kodi ya nyumba isiyo yao. Serikali ilieleza kwamba mpangaji amalizane na mwenye nyumba wake. Kwenye karatasi hilo ni sawa. Katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja na wapangaji wanaochangishana umeme, nani ataenda kwa mwenye nyumba kudai mia mbili hamsini yake ya kila mwezi? Hapo yale maswali matatu yanajijibu yenyewe. Anayejua kwanza ni mwenye kusoma ujumbe, anayebeba hasara ni mpangaji, na wa kusimamisha hayupo, maana ukikataa makato umekataa umeme.

Kwa hiyo kusukuma, lakini kusukuma kwa namna gani? Jambo la kwanza ninalolipa uzito kuliko yote ni mfuko wa pekee. Akaunti ya bili, au laini ya bili, isichanganywe na pesa ya kula. Mshahara ukiingia, au mauzo ya wiki yakihesabiwa, kiasi cha bili kinahamishwa kwenda kwenye mfuko huo, na maagizo yote ya kudumu yanatoka hapo tu. Faida yake haionekani mwezi unapokwenda vizuri. Inaonekana siku kosa linapotokea: hasara haiwezi kuzidi kilichomo mfukoni, na pesa ya unga na nauli haiguswi. Waajiri na wabunge walikwisha kuielewa kanuni hii zamani. Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 hairuhusu makato yazidi theluthi mbili ya mshahara, na mtumishi wa umma Tanzania naye anatakiwa abakiwe na theluthi moja baada ya mikopo na michango yote. Kama dola imeona kwamba makato bila kikomo yanaweza kumla mtu mzima mzima, kaya nayo ina sababu ya kujiwekea theluthi yake.

La pili ni tarehe. Wengi huweka agizo siku ileile ya mshahara, na mshahara ukichelewa siku mbili, agizo linakuta akaunti tupu, linashindwa, na benki nyingine hutoza ada kwa kushindwa huko. Siku tatu au nne baada ya tarehe ya kawaida ya mapato, na angalau siku tano kabla ya tarehe ya mwisho ya bili, hapo ndipo panapokupa nafasi ya kurekebisha. La tatu ni namba unayoilipia. Tanzania malipo mengi ya taasisi za umma yanapitia namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo mtaani tunaiita kontrol namba, na namba hizo si za aina moja. Baadhi zina muda wa kuisha, na baadhi hukubali kiasi kamili tu, pungufu au ziada zinakataliwa. Agizo la kudumu lililofungwa kwenye namba ya bili ya mwezi mmoja litagonga mwamba mwezi unaofuata. Kabla ya kuweka agizo, muulize mtoa huduma kama namba yako ni ya kudumu na kama inapokea kiasi chochote. Swali hilo la dakika mbili lina thamani kuliko matangazo yote ya programu ya simu.

Kwenye umeme wa kulipia kabla kuna hesabu nyingine ambayo kila mama wa nyumba wa daraja la matumizi madogo anaijua kwa kichwa: shilingi 9,150. Ndizo zinazonunua uniti 75 kwa bei ya shilingi 100 uniti moja pamoja na tozo zake, na ukizidisha hapo ndani ya mwezi, kila uniti ni 350. Mteja wa daraja hilo akiweka ununuzi wa kujiendesha wa elfu tano kila wiki kwa kuona ni kiasi kidogo, atavuka uniti 75 kabla mwezi haujaisha na kuanza kununua kwa bei ya mara tatu na nusu bila kujua. Agizo moja la mwezi lenye kiasi kilichopigiwa hesabu, kodi ya jengo ikiwa juu yake, linamfaa zaidi. Mfano huu naupenda kwa sababu unaonesha kwamba kujiendesha hakumwondolei mtu kazi ya kufikiri. Kunaihamisha tu, kutoka kila mwezi kwenda siku moja ya kuweka agizo, na siku hiyo lazima ifanywe kwa utulivu.

Kenya wamepiga hatua kwenye upande wa kusukuma. Oktoba 2024 Safaricom ilianzisha M-Pesa Ratiba, ambayo mtumiaji anapanga mwenyewe kiasi, mpokeaji, siku, na tarehe ya kuanza na kumaliza, kwa malipo ya kila siku, kila wiki au kila mwezi. Kilichonivutia hapo ni ile tarehe ya kumaliza. Agizo lisilo na mwisho huishi kuliko sababu yake: mtoto amehitimu lakini nauli ya basi la shule inaendelea kwenda, nyumba imehamwa lakini mzoa taka wa mtaa ule bado analipwa. Kwangu mimi, agizo la kaya lisizidi mwaka mmoja. Likifa, lifufuliwe kwa makusudi, baada ya mtu kuliangalia tena kama bado lina kazi.

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya haya linatoka kwa watu wasio na mshahara, na hao ndio wengi. Mama lishe, dereva wa bodaboda, fundi ujenzi, mvuvi wa Kilwa au Lamu, wote wanapata leo na kesho hawajui. Wananiambia kwamba malipo ya kujiendesha ni mambo ya wenye ajira za maofisini, na kwamba agizo la tarehe 3 kwao ni ndoto. Nakubaliana nao kuhusu tarehe 3. Sikubaliani nao kwamba kwa sababu hiyo hakuna chochote kinachowafaa. Mapato ya siku yanaendana na malipo ya siku, na hilo watu hawa wamelifanya kwa vizazi kupitia kibati na upatu bila kufundishwa na benki. Anayeweza kuchangia mchezo wa elfu mbili kila jioni anaweza kupeleka elfu moja kila jioni kwenye laini ya bili, na bili ya mwezi ikafika ikakuta pesa zimekwisha kujikusanya. Hapo kinachojiendesha ni kuweka, na kulipa kunabaki kwa mkono. Mapato ya msimu nayo yana njia yake: mwenye korosho au karafuu anaweza kulipa mbele miezi kadhaa ya kile kinachokubali kulipwa mbele, kama ada, kodi ya pango na bima, wakati pesa ipo. Ninachowaomba wasikubali ni agizo la kulipa lililounganishwa na mkopo wa papo hapo. Fuliza, iliyoanza Kenya Januari 2019, hukamilisha muamala pale salio linapopungua na kumtoza mtu ada mpaka alipe, na Songesha ya M-Pesa Tanzania ina kazi ya aina hiyo. Kwa dharura zina msaada wake, na sizilaani. Lakini bili inayojilipa kwa pesa ya kukopa ni mkopo ambao hakuna aliyekaa akaamua kuuchukua. Bora agizo lishindwe na ujumbe wa kushindwa uingie, ili mwenye kaya ajue leo kwamba kuna pengo, kuliko agizo lifanikiwe na pengo ligunduliwe mwisho wa mwezi likiwa limezaa.

Wapo pia wanaosema mkono wa mtu ndio salama, na kwamba aliyelipa mwenyewe anajua amelipa. Wana hoja, ila mkono nao una makosa yake. Tarakimu moja ya mita ikikosewa, umeme unakwenda kwa mtu usiyemjua. Homa ya siku nne inatosha kupitisha tarehe ya mwisho ya bili ya maji, na gharama ya kurudishiwa huduma ikazidi bili yenyewe. Matapeli nao wanaishi kwa kumvizia alipaye kwa haraka, wakimtumia ujumbe wa kwamba namba ya kulipia imebadilika. Mpokeaji aliyehifadhiwa kwenye agizo baada ya kuhakikiwa mara moja hawezi kubadilishwa kwa ujumbe wa namna hiyo. Kuna ada za miamala vilevile, na ni kweli kwamba malipo madogo mengi hugharimu kuliko moja kubwa. Anayepeleka kila siku aangalie viwango vya mtandao wake kwanza, na kama ada inakula faida, akusanye kwa wiki.

Pingamizi linalonisumbua zaidi, na ambalo sina jibu lake kamili, ni la usomaji. Bili inayojilipa haisomwi. Zamani foleni ilikulazimisha uitazame ile karatasi, na ukiona usomaji wa maji umeruka kutoka uniti 14 hadi 61, unapiga kelele palepale dirishani. Leo ujumbe unaingia katikati ya jumbe nyingine ishirini na kuzama. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la kaya nyingi sasa ni simu ambayo haifunguliwi nyuma ya wiki moja. Kwa sababu hiyo ninazigawa bili katika mafungu. Zile zenye kiasi kisichobadilika, kama kodi ya pango, intaneti ya nyumbani, mzoa taka, mchango wa SACCOS, bima na awamu za ada, ziachwe zijilipe, maana hakuna cha kusoma zaidi ya kwamba zimefika. Bili inayopanda na kushuka, na kwa kaya nyingi za mijini hiyo ni ya maji, ilipwe kwa mkono baada ya kwenda kuitazama mita yenyewe na kulinganisha. Na kile cha starehe, kama king'amuzi na vifurushi vya filamu, kisijilipe kamwe. Hicho ndicho cha kwanza kupunguzwa mwezi ukiwa mgumu, na ndicho ambacho muuzaji anatamani sana ujiunge kwa makato ya kujirudia, kwa sababu anajua kwamba uvivu wa kujitoa una faida kwake.

Kuna watakaosema nakuza hofu, kwamba mifumo mikubwa haikwami hivyo. Inakwama, tena kwa walio na mifumo mikubwa kuliko yetu. Juni 2012 kompyuta za kundi la benki la RBS zilishindwa kuchakata miamala baada ya maboresho ya programu yaliyokwenda vibaya. Wateja zaidi ya milioni 6 nchini Uingereza waliathirika, mishahara na malipo ya nyumba yakakwama kwa wiki kadhaa, na mwaka 2014 wadhibiti wakaitoza benki faini ya pauni milioni 56. Aprili 2018 benki ya TSB ilihamisha data zake kwenda mfumo mpya na wateja wengi wakafungiwa nje ya akaunti zao. Tanzania, mwezi Mei 2021, manunuzi ya LUKU yalisumbua nchi nzima kwa siku kadhaa, na waliokuwa na pesa kwenye simu walikaa gizani sawa na wasiokuwa nazo. Hakuna njia ya kulipa inayokukinga na siku kama hizo. Kinachokinga ni akiba ya muda: uniti za wiki moja zilizobaki kwenye mita, bili iliyolipwa siku tano kabla, na laini ya mtandao wa pili yenye salio kidogo.

Halafu kuna yale ya mita zenyewe, ambayo mwaka 2024 yaliwashangaza wengi. Kila tokeni ya umeme, yaani zile tarakimu 20, hubeba ndani yake muda wa kununuliwa, na muda huo ulihesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Nafasi ya kuandikia dakika hizo ilikuwa na mwisho, kiasi cha dakika milioni 16.7, na mwisho huo ulifika tarehe 24 Novemba 2024. Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi zilipaswa kuhuisha mita zote kabla ya siku hiyo. Mteja wa LUKU aliponunua umeme alipokea makundi matatu ya tarakimu 20, mawili ya kuhuisha na la tatu la umeme, na alitakiwa kuyaingiza kwa mpangilio huo. Fikiria kaya ambayo umeme wake ulikuwa ukinunuliwa kwa agizo, ujumbe ukienda kwenye simu ya baba aliye safarini au ya kijana aliye Muscat au London anayewalipia wazazi wake. Pesa ilitoka vizuri, tokeni ilitoka vizuri, na nyumbani hakukuwa na mtu mwenye zile tarakimu mkononi. Kwa mita hizi, malipo ya kujiendesha huishia kwenye ujumbe. Safari ya mwisho, kutoka kwenye ujumbe hadi kwenye vitufe vya mita, inataka kidole cha mtu aliyepo. Anayelipia wazazi kutoka ng'ambo ahakikishe ujumbe unamfikia aliye nyumbani, hata kama ni mjukuu wa darasa la sita.

Hilo linanifikisha kwenye jambo ambalo familia zetu hazipendi kulizungumza. Bili za kaya nyingi zimefungwa kwenye laini moja ya mtu mmoja, kwa namba ya siri anayoijua yeye peke yake. Akilazwa, kila kitu kinasimama. Akifariki, benki ikiarifiwa huzuia akaunti mpaka mirathi ishughulikiwe, na maagizo yake yote yanakoma hapohapo, wakati mita ya maji na mkataba wa pango bado viko kwa jina lake. Karatasi moja inatosha kupunguza adha hiyo: namba ya mita ya umeme, namba ya mteja wa maji, akaunti ya mwenye nyumba, tarehe na kiasi cha kila agizo, bila namba ya siri yoyote. Ikae mahali ambapo mtu mzima wa pili katika nyumba anapajua. Na hapa njia ya kusukuma ina ubora ambao ile ya kuvuta haina. Idhini ya kuvuta imefungwa kwenye akaunti ya aliyeitoa, lakini namba ya mita haiulizi nani analipa. Binti au shemeji mwenye karatasi hiyo anaweza kununua umeme kwa simu yake mwenyewe usiku huohuo wa matanga, wageni wakiwa bado wanaingia.